Mbwa wa Dirma Aitweje?

Mtoto wa mbwa akiletwa nyumbani ndani ya kiroba, watoto huuliza jina lake kabla hata hajapewa maziwa. Mara nyingi mzee wa boma ana jibu tayari: ataitwa Simba kama aliyemtangulia, au Bobi kama yule wa ng'ambo ya korongo. Shauri limekwisha. Jina lililofikiriwa kwa dakika moja litapigiwa kelele asubuhi na jioni kwa miaka kumi au zaidi, mbwa akitunzwa vizuri.

Mwongozo huu unamwomba mwenye mbwa wa Dirma, mkoani Manyara, awe upande wa Mbulu au wa Hanang, aongeze muda kidogo katika shauri hilo. Huku mbwa ana kazi. Usiku hulinda zizi dhidi ya fisi, mchana hufuatana na wachungaji, na mahindi yakianza kukomaa hufukuza nyani na ngiri. Huitwa kutoka mbali na huitwa gizani. Huitwa na mtoto wa miaka saba na bibi wa miaka sabini, pengine kila mmoja kwa lafudhi yake. Na kila jina hilo linapotajwa, majirani nao wanalisikia. Kwa hiyo anayechagua jina la mbwa anachagua neno litakalokaa vinywani mwa watu wote wa boma na masikioni mwa kitongoji kizima. Akilikumbuka hilo tu, nusu ya kazi imekwisha.

Kwanza, sikio la mbwa mwenyewe. Xenophon, Mgiriki aliyeandika juu ya uwindaji katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliwashauri wawindaji wawape mbwa wao majina mafupi yaliyo rahisi kuita, kisha akataja majina 47 ya mfano. Miongoni mwake yamo Phylax, yaani mlinzi, na Lonche, yaani mkuki. Mfugaji wa leo anayemwita mbwa wake Askari au Mkuki anafuata njia ileile bila kuambiwa na mtu. Silabi mbili zinatosha, tatu si mbaya. Zikifika nne, watoto watalikata jina wenyewe ndani ya wiki moja, na mbwa atabaki na jina ambalo hakuna aliyelichagua.

Kiswahili kinasaidia sana hapa kwa sababu maneno yake huishia kwenye irabu, na irabu ndiyo sehemu ya neno inayoweza kuvutwa na kufika mbali. Simba, Chui, Doria, Kombo: yote hayo yanavutika. Mchungaji aliye kwenye uwanda chini ya mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, anaita huku upepo ukimpinga, na mwisho wa jina lenye a au o ndio unaomfikia mbwa. Majina ya kigeni yanayokatika ghafla, kama Max au Rex, hurekebishwa na watu wenyewe: mwezi haupiti kabla hayajawa Maksi na Reksi. Afadhali kuanza nayo hivyo.

Jaribio lake ni rahisi na halina gharama. Kabla ya kuamua, simama mlangoni mwa zizi, elekeza uso malishoni, uliite jina hilo kwa nguvu mara kadhaa. Mtu aliye mbali akuambie alichosikia. Kama alisikia neno jingine, mbwa naye huenda akasikia jingine.

Mbwa wanayajua majina yao vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, waliwasikilizisha mbwa majina yao kupitia spika huku sauti za watu wengine zikiongea kwa wakati mmoja. Mbwa waliligundua jina lao hata pale kelele zilipokuwa na nguvu sawa na jina lenyewe. Kelele zilipozidi jina, ndipo waliposhindwa. Ni hali anayoijua kila aliyepita na mbwa wake karibu na mnada, ambako ng'ombe wanalia, madalali wanapaza sauti na pikipiki zinanguruma. Hapo jina fupi, lililozoeleka, ndilo linalomrudisha mbwa.

Kuna udhaifu mmoja wa kuzingatia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd, Budapest, walipima mawimbi ya ubongo wa mbwa walipokuwa wakisikia maneno ya amri wanayoyajua, maneno ya uongo yaliyotofautiana sana na hayo, na maneno ya uongo yaliyotofautiana na amri kwa sauti moja tu. Matokeo yalitolewa mwaka 2020. Ubongo wa mbwa ulitenganisha amri na maneno yaliyokuwa mbali nayo, lakini neno lililobadilishwa sauti moja ulilichukulia kama amri yenyewe. Kwa mwenye boma maana yake ni hii: mbwa wawili wa nyumba moja wasiitwe Simba na Samba, wala Tomi na Timi. Ukimwita mmoja watakuja wote wawili, au hatakuja yeyote, kisha wataadhibiwa kwa kosa la aliyewapa majina.

Kanuni hiyohiyo inagusa amri. Mbwa wengi huambiwa njoo, kaa, toka, lala, shika. Jina lisiwe jirani wa maneno hayo. Mbwa aitwaye Toko ataondoka anapoitwa. Mbwa aitwaye Shaka ataingia wasiwasi kila mtu anapomwambia mwenzake ashike kamba. Hatari zaidi ni kumpa mbwa amri yenyewe iwe jina. Wapo wanaopenda Kamata, kwa kuwa linasikika kama jina la kazi. Lakini mtoto anapomwita Kamata aje kula ugali huku mgeni akikatiza njia, nani atamlaumu mbwa akitii?

Na majina ya watoto wa nyumbani, je? Nyumba yenye Juma isiwe na Puma. Mama anapoita mmojawapo kwa haraka, mwingine naye huinua kichwa, na mtoto hatapenda kujua kwamba amechanganywa na mbwa.

Sasa midomo. Dirma si mahali pa lugha moja. Wairaqw na Wadatooga ndio wengi, Wanyiramba na Wanyaturu wako karibu, na Kiswahili kinawaunganisha wote shuleni, sokoni na kanisani. Kiiraqw cha asili hakina sauti za z na v, kwa hiyo bibi aliyekulia katika Kiiraqw akipewa mbwa aitwaye Zuzu au Viva atamwita kwa namna yake, na mjukuu aliyesoma atamwita kwa namna nyingine. Mbwa atajifunza yote mawili, ila atachelewa. Upande wa pili, Kiiraqw kina sauti ambazo wageni hushindwa kabisa, zile zinazoandikwa sl, hh, q na tl. Anayetaka jina la Kiiraqw, na ni jambo zuri kulitaka, atafute lisiloangukia kwenye sauti hizo kama mbwa atashughulikiwa pia na watu wasiokijua Kiiraqw. Du'uma, yaani chui, linatamkika na karibu kila mtu. Diraangw, yaani simba, ni jina zito na zuri, lakini mwisho wake ni mgumu kuvutwa kwa mbali. Ni la mbwa wa kulinda nyumba kuliko la mbwa wa malishoni.

Kwa nyumba za Wadatooga kuna jambo kubwa kuliko lafudhi, nalo linastahili kuelezwa kwa kituo. Mwanamke wa Kidatooga aliyeolewa halitamki jina la baba mkwe wake, wala majina ya wakubwa wengine wa upande wa mume. Heshima hiyo haiishii kwenye jina lenyewe, kwani hata maneno ya kawaida yanayofanana na jina hilo kwa sauti huyaepuka na kutumia mengine badala yake. Mtaalamu wa lugha Alice Mitchell aliishi na Wadatooga wa Mbulu na kuandika utafiti wake wa shahada ya uzamivu juu ya desturi hiyo, akaukamilisha mwaka 2015. Aliwakuta wanawake wakiwa na msamiati mpana wa maneno ya badala, wanaoutumia kila siku bila kusita.

Fikiria basi kijana anayemletea mama yake mtoto wa mbwa na kumpa jina linalofanana na la babu mzaa baba. Kijana hakukusudia ubaya. Lakini mama yake, ambaye ndiye anayemlisha mbwa huyo, hawezi kumwita. Atamwita kwa mluzi, au atampa jina lake la pembeni, na mbwa atakuwa na majina mawili tangu siku ya kwanza. Wake wa kaka zake watafanya hivyohivyo. Katika boma la namna hiyo anayepaswa kuulizwa kwanza ni mama wa nyumba na wakaza wana, maana midomo yao ndiyo yenye mipaka. Jina wakilikubali wao, wengine wote wanaweza kulitamka. Majina ya wanaume wa Kidatooga aghalabu huanza na Gida na ya wanawake na Uda. Jina la mbwa lisianzie huko hata kidogo.

Hapo tumeshafika kwa majirani. Kanuni ya kwanza kuhusu majirani ni kwamba mbwa asipewe jina la mtu. Katika sehemu nyingine za dunia kumpa mbwa jina la mtu unayemsifu ni heshima. Huku si hivyo, na kila mtu anajua kwamba si hivyo. Hanang na Mbulu zina wanariadha ambao nchi nzima inajivunia: John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho huku mguu umefungwa bandeji, na Gidamis Shahanga, aliyeshinda dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978. Mwenye mbwa mwenye mbio ana majina mengine mazuri ya kumpa: Upepo, Mshale, Umeme. Majina ya mashujaa yabaki kwa watoto.

Nchini Nigeria mwaka 2016 mfanyabiashara mmoja wa jimbo la Ogun alikamatwa na kufikishwa mahakamani baada ya kumwita mbwa wake Buhari. Mwenyewe alisema alimpa jina la rais kwa kumpenda. Jirani yake, ambaye baba yake pia aliitwa Buhari, alilipokea vingine, na polisi wakaona hapo pana uvunjifu wa amani. Haikuhitaji matusi yoyote. Jina la mtu na mnyama aliyelibeba vilitosha.

Majina ya mitume na watakatifu nayo yaachwe, kwa Wakristo na Waislamu sawia. Waislamu wa Haydom na Katesh wanaofuga mbwa wa kulinda mifugo na shamba wana ruhusa ya dini yao kwa kazi hiyo, kwani hadithi za Mtume zimewatenga mbwa wa uwindaji, wa mifugo na wa shamba na wale wanaofugwa bila haja. Tena mapokeo ya Kiislamu yana mbwa wake mwenye sifa: yule aliyewalinda Watu wa Pangoni, ambaye Kurani inamtaja katika Sura ya Al-Kahf bila kumpa jina, na wafasiri wakamwita Qitmir. Kitmiri ni jina la silabi tatu, linavutika vizuri, nalo halimuudhi mtu.

Jina la kabila ni marufuku kabisa, na zaidi ya yote jina la dharau la kabila. Katika Dirma kila mtu anajua neno ambalo Wadatooga wamebandikwa na wengine na ambalo wao hawalipendi. Mbwa akiitwa hivyo, kila anapoitwa jirani anatukanwa, na kwenye nchi ambayo Wairaqw na Wadatooga wanaoana, wanakopeshana ng'ombe na kugombania malisho kwa zamu, hilo si jambo la kuchezea.

Majina ya matukio yanahitaji moyo mpole. Waafrika Mashariki wamezoea kuwaita watoto kwa nyakati walizozaliwa: Vita, Uhuru, Masika. Mbwa nao huitwa hivyo. Lakini tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope, mawe na magogo yalishuka kutoka mlima Hanang, yakaipiga Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi, na watu zaidi ya 80 wakafa. Mbwa aliyezaliwa wiki ile asiitwe Tope wala Gharika. Anayepita njiani anaweza kuwa mama aliyezika wanawe wawili.

Kisha kuna majina ya mafumbo, na hapa mwandishi wa mwongozo huu ana msimamo. Desturi ya kumwambia jirani kwa kupitia jina la mbwa ni ya zamani na imeenea Afrika. Wendy Schottman alieleza mwaka 1993 jinsi Wabaatombu wa Benin wanavyowapa mbwa majina ya methali ili kumfikishia ujumbe mtu ambaye hawawezi kumkabili. Liveson Tatira alieleza jambo kama hilo kwa Washona wa Zimbabwe mwaka 2004: mgogoro wa mke na mawifi, au wa jirani na jirani, unapewa mbwa aubebe. Mswahili anaielewa desturi hiyo papo hapo, kwa kuwa kanga hufanya kazi hiyohiyo: aliyevaa hajasema neno, aliyelengwa amesoma. Na ndiyo maana katika vijiji vyetu husikika mbwa wakiitwa Wivu, Semeni, Mtachoka.

Mafumbo hayo yana faida yake, nayo ni bora kuliko fimbo. Lakini kanga hukunjwa na kuwekwa sandukuni ugomvi ukiisha. Mbwa hakunjwi. Majirani wakipatana kwa pombe na mbuzi, Mtachoka bado yuko getini, bado anaitwa kila jioni, na donda linatoneshwa. Tena anayelipa deni ni mbwa. Mtu asiyeweza kumpiga mwenye jina humpiga mawe mbeba jina, au humtegea sumu. Mnyama asiyejua chochote juu ya mpaka wa shamba hastahili kufa kwa ajili yake. Anayesumbuliwa na jirani aende kwa mwenyekiti wa kitongoji, na mbwa aitwe Chui.

Vivyo hivyo na majina ya kutisha. Muuaji, Sumu, Kifo: wenye nyumba hudhani yatawatisha wezi. Mwizi hasomi cheti cha chanjo cha mbwa. Atakayelisikia jina ni mtoto wa shule anayekatiza, na siku mbwa akimng'ata mtu, mwenye mbwa atasimama mbele ya wazee akieleza kwamba mbwa wake Muuaji ni mpole. Hakuna atakayemsikiliza.

Baada ya makatazo yote hayo, yamebaki majina gani? Mengi mno. Njia ya rangi ni ya kale sana. Mfalme Intef wa Pili wa Misri, aliyetawala zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, alichongwa kwenye jiwe la kaburi lake akiwa na mbwa wake, na majina yao yakaandikwa kando. Yalikuwa majina ya kutoka Libya, na waandishi wakafafanua maana kwa Kimisri: mmoja aliitwa kwa jina la swala, mwingine Mweusi. Huku Dirma wafugaji hutambua ng'ombe kwa rangi na mabaka, basi jicho hilo limeshafunzwa. Jivu, Madoa, Theluji, Kahawa, Mkaa. Majina haya yana faida ya ziada: mbwa akipotea, jina lenyewe linamwelezea.

Njia ya kazi imeshatajwa: Askari, Doria, Mlinzi, Kamanda. Njia ya wanyama inapendwa, ila Simba amezidi. Kitongoji chenye Simba sita hakina Simba hata mmoja. Kabla ya kumpa mtoto wa mbwa jina hilo, waulize majirani wa nyumba zinazozunguka. Kama yupo tayari, geukia Duma, Nyati, Pofu, Tai, Kware. Bobi, Jeki, Tomi na Popi nayo ni majina mazuri, mafupi, ya kutamkika, na yamekuwa yetu kwa kutumika. Tatizo lake ni lilelile la kujaa kila mahali. Njia ya mahali haitumiki sana na ingefaa itumike zaidi: mbwa aliyeletwa kutoka Basotu aitwe Basotu, wa kutoka Yaeda aitwe Yaeda. Jina kama hilo linahifadhi habari ya alikotoka, na halimgusi mtu.

Waachie watoto wachague, baada ya wakubwa kuyaondoa yasiyofaa. Sababu yake ni ya vitendo. Mtoto ndiye anayeamka na mbwa, ndiye anayekwenda naye malishoni, na siku ya chanjo mara nyingi ndiye anayemfunga kamba na kumpeleka. Mbwa aliyepewa jina na mtoto ana mtu wa kumtetea ndani ya nyumba.

Chanjo ndiyo sababu kubwa ya jina la mbwa kuchaguliwa kwa makini, ingawa watu wachache huliwaza hilo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba takriban asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu hutokana na mbwa. Karibu wanne kati ya kumi wanaokufa ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa Tanzania makadirio yamekuwa karibu watu 1,500 kwa mwaka. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Lakini mbwa saba kati ya kumi wakichanjwa katika eneo, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Vijiji vinavyoizunguka Serengeti vimekuwa na kampeni za kuchanja mbwa tangu miaka ya 1990, na huko ndiko ilikoonekana kwamba afya ya mbwa wa kijijini ni afya ya mbuga pia: mwaka 1994 homa ya mbwa, ugonjwa mwingine unaobebwa na mbwa wa kufugwa, iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti.

Jina linaingiaje hapo? Afisa mifugo akija kijijini, huandika jina la mwenye mbwa, na cheti kizuri humtaja mbwa kwa jina, rangi, jinsi na umri. Boma lenye mbwa watatu, wote wanaitwa "mbwa" au wawili wanaitwa Simba, halitajua mwakani ni yupi aliyechanjwa na yupi aliyekuwa malishoni siku ile. Mbwa wenye majina tofauti wanahesabika. Huyu amechanjwa, huyu bado.

Na siku mtu anapong'atwa, jina ni la thamani kuliko siku nyingine yoyote. Mtoto aliyeng'atwa njiani akiweza kusema ni Jivu wa boma fulani, mbwa atapatikana ndani ya saa moja, cheti chake kitaangaliwa, naye atafungwa na kutazamwa kwa siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa akiambukiza siku aliyong'ata. Mtoto akisema tu "mbwa mmoja hivi", hakuna wa kufungwa wala wa kutazamwa. Kwa vyovyote vile, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, na majeruhi apelekwe hospitali siku hiyohiyo bila kungoja majibu ya mbwa. Familia nyingi za Dirma huelekea Haydom, ambako hospitali ya Kilutheri imekuwa ikihudumia watu tangu mwaka 1955, au Katesh au mji wa Mbulu. Mtoto wa mbwa apelekwe kuchanjwa akifika miezi mitatu, na arudiwe kila kampeni inapokuja. Kampeni nyingi hufanyika kuelekea tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani.

Baada ya jina kuchaguliwa, linafundishwa. Anza mara tu mtoto wa mbwa anapofika, wiki saba au nane baada ya kuzaliwa. Sema jina, na akigeuka mpe kitu: tonge la ugali, ukoko, matone ya maziwa. Sema jina tena baada ya muda. Watu wote wa nyumbani watumie jina moja lisilokatwakatwa katika miezi ya mwanzo. Watafiti wa Eötvös Loránd walionyesha mwaka 2016 kwamba ubongo wa mbwa husikiliza neno na sauti ya anayelisema kwa pamoja. Sifa zilizosemwa kwa sauti kavu hazikumfurahisha, wala maneno ya ovyo yaliyosemwa kwa sauti tamu. Kwa hiyo jina lisemwe kwa sauti ya kuita. Na kosa moja lisifanyike kamwe: mbwa asiitwe kwa jina lake ili apigwe. Akifanya kosa, mfuate alipo. Mbwa aliyepigwa mara mbili baada ya kuitwa hataitika mara ya tatu, na usiku fisi wakiwa kwenye ua atafikiri kwanza kabla ya kuja.

Wapo wanaopokea mbwa mkubwa, kwa kuoa, kwa kurithi, au kwa kupewa na shemeji aliyehamia mjini. Kama jina lake la zamani linatamkika na halimuudhi mtu katika boma jipya, aachiwe. Kama linagusa jina la mkwe au la jirani, libadilishwe bila hofu. Uwezo wa mbwa wa kushika majina ni mkubwa: Chaser, mbwa wa kuchunga kondoo wa Marekani, alijifunza majina ya vitu 1,022, na watafiti waliomfundisha walitoa matokeo mwaka 2011. Majina mawili hayamshindi. Chagua jipya lenye irabu za la zamani, Bobi akawa Kobi, au Tiga akawa Jiga, kwa kuwa sikio lake litalipokea kama ndugu wa lile alilolizoea. Kwa wiki mbili tatu liite jipya likifuatwa na la zamani, kisha liache la zamani lififie. Anapoitika kwa jipya peke yake, peleka cheti chake cha chanjo kwa afisa mifugo wa kata, na majina yote mawili yaandikwe humo, ili mwakani ijulikane kwamba ni mbwa yuleyule.